Joto la Sauti na Kiuno Changu

Nyumbani kwangu yupo mmoja anayenizidi umri. Hachangii kodi, hasemi mpaka apewe muda wake, na akikasirika mtaa mzima unajua. Si mkwe. Ni amplifaya.

Mimi ni mpiga gitaa la besi, yule wa nyuma ambaye kwenye picha hamumwoni kwa sababu mwimbaji amenyoosha mkono. Maisha yangu yalikuwa mepesi. Nilikuwa na amplifaya ya kisasa, kiboksi chenye uzito wa mtoto mchanga, natia kwenye begi, gitaa begani, napanda basi kama abiria wengine. Siku moja kiongozi wa bendi akanikuta nakifungua. Akakitazama kama daktari anavyotazama kidonda cha siku nyingi.

"Mwenzangu," akasema, "sauti yako haina joto."

Nikakishika kiboksi. Kilikuwa vuguvugu. Akasema siyo joto hilo.

Ndipo akaniletea Mzee. Nembo yake ilikwishabanduka, yamebaki matundu mawili ya skrubu, kwa hiyo hata ukitaka kumlaani aliyemtengeneza huna pa kuanzia. Kiongozi akanieleza ukoo wake kama mshenga: eti ni wa nasaba moja na SVT ya Ampeg, amplifaya ya besi iliyotoka mwaka 1969, wati 300, valvu 14 (vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za kizamani), kichwa peke yake, yaani amplifaya bila spika, karibu kilo 40. Hapo hujagusa kabati lake la spika nane za inchi 10, ambalo wapiga besi wenyewe wamelibandika jina la friji. Sasa mtu ameshakwambia mapema kwamba kitu ni friji, nawe ukainama ukakibeba, utamshtaki nani?

Nimefanya uchunguzi wangu. Wanaolisikia hilo joto ni kiongozi, mwimbaji na mashabiki wawili wenye ndevu. Mwimbaji hubeba maiki. Kiongozi hubeba mawazo. Wenye ndevu huja baada ya onyesho kuniuliza valvu ni za aina gani, nikiwaomba washike upande mmoja wa kabati wanakumbuka wana safari.

Huwa najifariji na wapiga kinanda. Hammond B-3, iliyoingia sokoni miaka ya 1950, ukijumlisha benchi na pedali zake inakaribia kilo 190, na haisafiri peke yake: inataka na kabati la Leslie, ambalo ndani yake mna tarumbeta inayozungushwa na mota. Sauti imeshatoka salama, wewe unaizungusha ya nini? Lakini ikipigwa nanyamaza, maana moyo unatetemeka kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Turudi kwa Mzee. Mzee haamshwi kwa pupa. Swichi ya kwanza inapasha moto valvu, unasubiri nyuzi za ndani ziwe nyekundu kama kaa, ndipo swichi ya pili inaruhusu umeme mkubwa upite, volti mia nne na ushee. Mafundi wenyewe wanabishana kama hiyo swichi ya pili ina maana yoyote, lakini nani atathubutu kumwamsha mzee bila shikamoo? Kwa hiyo mshereheshaji ameshatutaja, dramu zimehesabu nne, wenzangu wameshaondoka na wimbo, na mimi nimesimama pale nyuma na gitaa langu bubu kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Tena ni mgonjwa. Nilimpeleka kwa fundi, mzee mwenzake, nikamkuta anafanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili ameutia mfukoni. Nikasema moyoni, huyu ndiye mvivu niliyetabiriwa. Akanisoma usoni.

"Mwanangu, humu mna kapasita. Hata uchomoe waya ukutani, zenyewe zimeshiba umeme bado. Nikigusa kwa mikono miwili, unapita kifuani."

Tangu siku hiyo hata kumpangusa vumbi nampangusa kwa mkono mmoja. Mke wangu ananiuliza, "Baba watoto, huo mkono mfukoni unatafuta nini?" Namwambia naokoa maisha.

Fundi huyohuyo akaniambia valvu za mwisho, zile zinazosukuma sauti kwenye spika, hazinunuliwi mojamoja. Lazima zipimwe, zichaguliwe zinazofanana tabia, la sivyo moja itabeba mzigo wote, itaungua na kuwaharibia wenzake. Nikamwuliza tena ili nihakikishe. Yaani valvu zinapimwa kama zinaoana? Mimi na mama watoto hakuna aliyetupima.

Halafu kuna mngurumo. Mmmmm, mchana kutwa, mizunguko 50 au 60 kwa sekunde kutegemea umeme wa mahali ulipo. Unatokea hasa vyombo viwili vikichukua ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwa njia mbili tofauti huku vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Kiongozi, ambaye elimu yake ya umeme inaishia kwenye kubadilisha balbu, akasema tukate waya wa ethi, wazee ndivyo walivyofanya. Ni kweli vyombo vingi vya zamani vilikuja na plagi ya miguu miwili, ethi haipo kabisa. Na mimi nilikwisha kuonja utamu wake: nimeshika nyuzi za gitaa, nikasogea kuitikia kiitikio, maiki ikanipa busu ambalo mke wangu hajawahi kunipa hata enzi za uchumba. Meno yote yaliimba.

Tulicheka. Fundi hakucheka. Akatusimulia habari za Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows kutoka Uskoti, aliyefia jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maiki isiyo na ethi huku ameshika gitaa lake. Kiongozi akarudisha koleo mfukoni polepole. Mngurumo tumeuacha. Tunauhesabu kuwa mwanabendi.

Ningekuwa na Mzee tu ningevumilia, lakini kiongozi akaokota na kiboksi cha mwangwi, kile cha utepe. Ukimpa nafasi atakutajia Copicat ya Watkins ya mwaka 1958 na Space Echo ya Roland ya mwaka 1974 kama mtu anayetaja mababu zake. Kinavyofanya kazi ni hivi: utepe umeungwa ncha kwa ncha ukawa duara, unazunguka, hedi moja, yaani kile kichuma ambacho utepe unapita juu yake, inanasa sauti, hedi za mbele zinairudia kwa kuchelewa. Ukiwa mzima, ni kama unaimba ndani ya pango. Ukichakaa, sauti inarudi imelewa. Chetu ni cha kurithi, hakina jina, na utepe wake una kiraka.

Basi tuko harusini. Bwana na bibi harusi wamesimama katikati, taa zimepunguzwa, mwimbaji amefumba macho, anavuta pumzi: "Sitakuachaaa..." Kiraka kikapita kwenye hedi sekunde ileile, kikameza silabi ya kwanza. Kiboksi kikajibu ukumbi mzima: "...takuacha ...takuacha ...acha ...acha."

Bibi harusi akamtazama bwana harusi. Bwana harusi akatutazama sisi. Mimi nikamtazama Mzee.

Usiku ule nikamfuata kiongozi nikamwambia basi, imetosha, turudi kwenye vyombo vya watu wazima wenye akili. Akanijibu jibu lake la siku zote: magwiji walitumia hivihivi wakatikisa dunia. Nikamwuliza, magwiji gani? The Beatles? Agosti 1965 walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, amplifaya zao za Vox zina wati 100 kila moja, sauti za kuimba zinapitia spika za matangazo ya uwanja, spika za kuwarudishia sauti jukwaani hawana. Mayowe yakafunika kila kitu, wenyewe hawakujisikia! Kama hilo ndilo joto, mimi naomba baridi.

"Na Grateful Dead?" akasema.

Hao ndio hasa nilikuwa nawasubiri. Mwaka 1974 Wamarekani hao walijenga ukuta wa spika nyuma yao, zinakaribia 600, mzigo unatajwa kufika tani 75. Kwa vile maiki zilikuwa mbele ya ukuta huo, kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizoungwa kinyume: kelele za ukuta zinaingia zote mbili na kufutana, unabaki mdomo ulio karibu na moja. Akili nyingi, sikatai. Lakini walilazimika kuwa na majukwaa mawili, moja likitumika lingine linajengwa kwenye mji unaofuata, na mwaka haujaisha wakaacha ziara wakapumzike. Watu wenye malori walichoka. Mimi nina mgongo mmoja.

Hakusikia. Nami nikaamua kutumia kichwa.

Si siri, bendi kubwa zimewahi kupanga makabati jukwaani yasiyo na spika ndani, ya kupendezesha macho. Jumamosi iliyofuata nikampeleka Mzee kama kawaida, nikamwasha, valvu zikawaka kama machweo. Waya wa gitaa nikaupitisha nyuma yake, ukaenda kwenye kiboksi changu cha zamani, yaani kipya, nilichokificha chini ya koti. Tukapiga. Wimbo wa tatu kiongozi akafumba macho, akaweka mkono kifuani.

"Unasikia?" akaniambia. "Unalisikia hilo joto?"

Nikamwambia nalisikia. Ningesemaje? Sasa kila onyesho nabeba vyote viwili, Mzee na mbadala wake, na siwezi kumwacha Mzee nyumbani kwa sababu ndiye shahidi wangu. Nilimwomba fundi amtoe matumbo yote, abakize sanduku na balbu mbili za rangi ya chungwa. Amekataa, anasema ni sawa na kuzika mtu mzima. Maiki pekee ndiyo ya kale ninayoibeba kwa moyo mweupe: SM58, umbo lilelile la mwaka 1966, gramu mia tatu hazifiki. Hiyo hata mwimbaji anaiweza.

Jana usiku kiongozi amenipigia simu, furaha imemjaa hadi anakwamakwama. Anasema sauti ya Jumamosi imemkosesha usingizi, amezunguka kote, na hatimaye amempata pacha wake Mzee. Nikamchukue kesho asubuhi. Nije na mtu wa kushika upande wa pili.