Kesi ya Soksi za Baba Mkwe

Siku ya sikukuu ina tatizo moja ambalo watu hawalisemi: sukari. Ikifika saa tano asubuhi kila mtu ameshakula keki, biskuti tamu, peremende alizowanyang'anya watoto, na soda juu yake. Na bado akikaa kitini analetewa sahani nyingine ya vitamu. Ndiyo maana kwangu nimejiteua kuwa mwokaji wa biskuti za jibini. Za chumvi, zenye pilipili kwa mbali, za kumong'onyoka mdomoni. Mgeni anakula ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa kutaka uhakika, na baada ya hapo anasogeza kiti karibu na sahani.

Kuziandaa hakunisumbui. Unga wa ngano gramu 150, siagi baridi gramu 100, jibini ngumu iliyokwaruzwa gramu 150, haradali ya unga nusu kijiko cha chai, kiini cha yai, na pilipili ya unga kiasi cha kumkohoza kidogo anayechanganya. Chumvi huongezi, jibini inayo ya kutosha. Unafikicha siagi na unga kwa ncha za vidole mpaka vinakuwa chengachenga, unatia jibini, unakusanya donge, unalivingirisha liwe kama gogo, unalifunga, unaliweka kwenye friji. Hapo kwenye friji ndipo wenye haraka wanapoumbuka, kwa sababu siagi ikiingia kwenye oveni ikiwa imelegea, inayeyuka kabla unga haujashika, na biskuti inaanza kutambaa. Donge likikaza unakata vipande vyenye unene wa nusu sentimita, oveni nyuzi 180, dakika 12 hadi 15, basi.

Sasa, sikukuu hiyo nilikuwa na mafua. Si yale ya kupiga chafya mkasahau. Pua zote mbili zilikuwa zimefungwa kama ofisi ya serikali siku ya mapumziko. Nikiita "mama" inatoka "baba", jambo lililomtia wasiwasi mama mkwe tangu alipovuka kizingiti na nikamwamkia.

Halafu jibini ikapungua. Ile ngumu niliyoificha nyuma ya kabichi ilikuwa imetembelewa usiku na panya wa miguu miwili, wenye umri wa kwenda shule. Nikabaki na kipande kisichofika nusu ya ninachohitaji. Bahati nzuri, au ndivyo nilivyoiona wakati huo, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amerudi safari na zawadi. Boksi, ndani ya boksi mfuko, ndani ya mfuko karatasi, ndani ya karatasi karatasi nyingine.

"Shemeji, hii inaitwa Limburger," akasema, uso ameugeuzia dirishani. "Jibini ya wajuzi."

Nikadhani ameugeuza uso kwa unyenyekevu.

Nilipoifungua niliona ganda la rangi ya chungwa lenye unyevunyevu, na ndani ulaini wa siagi. Pua haikuniletea taarifa yoyote. Nikaonja: chumvi. Mwenye pua iliyoziba ladha haipati, anapata chumvi na anashukuru. Kukwaruza ikakataa, ikawa inajipaka tu kwenye kikwaruzio, basi nikaiponda kwa uma. Jibini laini ina maji mengi kuliko ngumu, hilo nalijua, kwa hiyo nikaongeza unga kidogo nikaona tumemalizana.

Baba mkwe aliingia wakati donge liko kwenye friji. Mzee wetu ni mtu wa kujiheshimu, hata leso anaipiga pasi. Akavua viatu mlangoni, akavipanga vikiangalia nje, akaja na soksi zake za kijivu kukaa kwenye kiti anachokipenda, kile kilicho karibu na mlango wa jikoni. Tukasalimiana, akaniambia pole na mafua... hapana, hakuniambia. Angeniambia pole na mafua, hadithi hii ingekufa hapohapo. Mzee hasikii vizuri upande wa kushoto, nami nilikuwa upande huo.

Nikatia trei kwenye oveni.

Haikupita muda mke wangu akaingia jikoni, mtandio ameuvuta mpaka puani.

"Baba watoto, unasikia?"

"Nini?"

"Baba."

"Ananiita?"

"Hakuiti. Soksi."

"Anataka soksi?"

Akaniangalia kwa macho ya mtu anayejuta kuolewa, akatoka.

Kupitia mlango nikaanza kuona mambo nisiyoyaelewa. Mama mkwe alifungua dirisha moja, akarudi akakaa, akainuka akafungua la pili, huku akitangaza kwa sauti, bila kuulizwa na mtu, kwamba yeye soksi za mwenzake anazifua mwenyewe kwa mkono na anazianika juani. Watoto walihamia uani na karata zao. Shemeji, kwa uso wa huruma, aliviinua viatu vya baba yake kwa vidole viwili akavisogeza barazani. Baadaye akavitoa barazani akavipeleka uani. Mwishowe vilikutwa nyuma ya tangi la maji. Huyo ndiye aliyeileta jibini, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na sababu nzuri zaidi ya kuitambua harufu ile! Lakini yeye akijua zawadi yake iko salama kwenye friji ndani ya karatasi zake.

Mzee mwenyewe naye alianza kujishuku. Kwanza alirudisha miguu chini ya kiti. Kisha akaiingiza chini ya ukingo wa zulia. Halafu akaangusha miwani, na naapa aliiangusha makusudi, akainama kuiokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Alipoinuka uso ulikuwa wa mtu aliyesoma barua asiyoiamini. Akaenda bafuni. Akarudi bila soksi, suruali imekunjwa, miguu inang'aa maji. Wakati huo oveni ndiyo kwanza imeshika moto. Mama mkwe akavuta pumzi, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Mzee akageuza, akarudi bafuni.

Hapo mke wangu akaja na agizo: chemsha maji, tia chumvi, mpelekee Baba akandwe miguu, mwambie ni ya uchovu wa safari. Nikabeba beseni. Kumpelekea mkwe beseni la miguu ambalo hakuliomba si jambo dogo, mikono ilinitetemeka mpaka maji yakamwagika. Akalitazama beseni, akanitazama mimi.

"Hata wewe, mwanangu?"

"Baba," nikajitetea, "bibi sisikii harufu yoyote."

"Bibi gani?"

"Bibi, Baba. Bibi bwedyewe."

Sijui alielewa nini, lakini macho yalimlegea, akanishika bega. "Basi wewe ndiye mtoto niliyebaki naye humu ndani," akasema.

Nikarudi jikoni nimechanganyikiwa, nikafungua oveni.

Ule mvuke uliotoka mimi niliupata usoni kama joto tu. Sebuleni nasikia kila mtu alisimama. Mtoto wa mwisho alikimbia mpaka getini. Na nilichokiona kwenye trei hakikuwa biskuti. Vipande vyangu vilikuwa vimeyeyuka, vikatambaa, vikakutana, vikawa shuka moja kutoka ukingo hadi ukingo: katikati inanesanesa, pembeni imekuwa wavu wa kahawia wenye matundu unaokatika ukiugusa. Nikachukua kisu nikakata mraba mraba, nikapanga kwenye sahani nzuri kwa kujiamini, kana kwamba mraba ndio mpango wa tangu mwanzo, nikaipeleka sebuleni.

Binti yangu mkubwa, anayesoma biolojia na kutukumbusha kila siku kwamba anasoma biolojia, aliitazama sahani, akainusa, akapiga makofi.

"Baba! Umetumia Limburger ya mjomba?"

Shemeji akageuka rangi.

"Babu, hii ndiyo ile!" binti akaendelea, hana habari kwamba nyumba nzima imeacha kupumua. "Bakteria wanaoota kwenye ganda la hii jibini ni wa ukoo mmoja na wale wa kwenye miguu yetu. Kuna watafiti, Bart Knols na Ruurd de Jong, walipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2006, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha. Walionyesha kwamba mbu jike wa malaria, *Anopheles gambiae*, anavutwa na harufu ya Limburger sawasawa na anavyovutwa na harufu ya miguu ya binadamu."

"Rudia," mzee akasema, sikio la kulia amelisogeza mbele.

Akarudia.

"Kwa hiyo mbu hawezi kutofautisha."

"Hawezi, Babu."

"Mbu nitamsamehe," mzee akasema. "Mbu hajakaa na mimi miaka arobaini." Na akamgeukia mama mkwe.

Nimehudhuria vikao vingi vya ukoo, lakini kama kile sijaona. Mzee aliagiza stuli. Juu ya stuli ikawekwa sahani, na kando ya sahani akaupandisha mguu wake wa kulia, mtupu, umetoka kuoshwa. Akaita watu kwa kufuata umri: njoo, nusa biskuti, haya, nusa mguu, sema. Mama mkwe alianza, akanusa, akasema "biskuti" kwa sauti ya chini, akaambiwa arudie ili walio uani wasikie. Mke wangu akafuata, anacheka huku analia. Shemeji aliamriwa kwanza avirudishe viatu kutoka alikovificha, akafanyiwa mtihani wa vitu vitatu: biskuti, mguu, kiatu. Alipita, lakini kwa taabu.

Zamu yangu ilipofika mzee akanyoosha mkono kuwazuia wengine.

"Huyu hanusi kama shahidi," akasema. "Huyu peke yake alisimama na mimi tangu mwanzo. Huyu ni hakimu. Akisema yeye, kesi imefungwa."

Nikapiga magoti mbele ya stuli. Nikainusa biskuti kwa nguvu zangu zote, ikasikika filimbi nyembamba puani na hakuna kingine. Nikauinamia mguu, nikakaa hapo kidogo kwa heshima ya mahakama, filimbi ikalia tena. Nikainuka taratibu.

"Baba," nikasema, "bguu huu hauda harufu kabisa."

Mzee akapiga paja. "Mmemsikia!"

Biskuti hakugusa mtu mwingine. Alizila zote yeye, moja moja, akivaa soksi zake za kijivu bila haraka, na akazisifia kwamba zina ladha ya ushindi. Tangu siku hiyo akipiga simu hataki kuongea na binti yake wala wajukuu, anaomba apewe hakimu. Habari za mafua sijamwambia, na mke wangu ameahidi kunyamaza ilimradi niwe ninaosha vyombo.