Foleni ya Dar haina mwenyewe

Ukilalamikia foleni ya Dar es Salaam unaambiwa barabara hazitoshi. Tumejenga basi: daraja la juu la Tazara mwaka 2018, la Ubungo 2021. Jioni bado tunalala njiani.

Panda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo uone. Barabara ya Kilwa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi. Njia ya katikati ni ya mabasi ya mwendokasi, yanayosimamiwa na DART, chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Leseni ya daladala imetoka LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, watu wa Wizara ya Uchukuzi. Ukikata kuingia mtaani umefika kwa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Taa zinawaka, lakini anayeamua nani apite ni trafiki, na bosi wake yuko Mambo ya Ndani. Trafiki mwenyewe simlaumu. Anaachia upande mmoja mpaka magari yapungue, bila kuona kwamba makutano ya mbele yameshajaa. Kila mmoja hapo ametimiza wajibu wake, na basi lenye abiria sabini halijasogea.

Mtu atasema jiji lisimamie. Jiji lipi? Halmashauri ya Jiji ilivunjwa Februari 2021, hadhi ya jiji ikapewa Manispaa ya Ilala. Kisheria mkazi wa Mbagala yuko Manispaa ya Temeke, si Jiji la Dar es Salaam! Na wanaolala Kibaha au Vikindu wakaja kuhangaika Kariakoo wako mkoa mwingine kabisa, Pwani.

Nairobi walijaribu kuweka mamlaka moja ya usafiri. Mamlaka hiyo, NaMATA, iliundwa Februari 2017 kuunganisha kaunti tano, ila kwa agizo la rais, si kwa sheria ya Bunge. Mwaka uliofuata mistari myekundu ikachorwa Thika Road kwa ajili ya mabasi ya kasi. Mabasi hayakuja.

Kwa hiyo Dar nayo ipate mamlaka moja ya usafiri, ila yetu ianzie bungeni, ivuke mpaka wa Pwani, na ikabidhiwe taa, vibali vya njia za daladala na fungu la ada za maegesho. Hapo kwenye maegesho ndipo ugomvi utakapokuwa. Hakuna taasisi inayoachia mapato kwa hiari, kwa hiyo Hazina ifidie miaka ya mwanzo. Tuanze na Barabara ya Morogoro tu, Kibaha hadi Kivukoni: taa zote ziongozwe na chumba kimoja, na trafiki asizipuuze mpaka chumba hicho kimruhusu.