Ruhusa ya kurudi shule haimbebi mtoto

Machi 2020 Sierra Leone iliondoa katazo lililowafungia wasichana wajawazito nje ya madarasa, miezi michache baada ya Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kulihukumu kuwa ni ubaguzi. Novemba 2021 Tanzania nayo ikawaruhusu waliojifungua kurudi shule za serikali. Nilifurahi, ila naona tuliridhika mapema mno. Waraka unamfungulia binti geti, lakini haumwambii mtoto atabaki na nani asubuhi.

Mtazame akiwa darasani, mtoto ana miezi mitatu. Ikifika saa nne matiti yamejaa, yanauma, na maziwa yameanza kulowesha blauzi. Anavaa sweta kwenye joto na kukumbatia daftari kifuani. Mwalimu akimwita ubaoni, anasingizia kichwa. Wiki chache za namna hiyo zinatosha kumwachisha mtu masomo bila kufukuzwa na yeyote. Anachohitaji ni chumba chenye mlango unaofungwa, maji ya kunawa, na muda wa kukamua au kunyonyesha bila kuandikwa mtoro. (Aliyempa mimba, kama naye ni mwanafunzi, huenda hajakosa hata kipindi kimoja.)

Wanaodai kwamba kumrudisha ni kuwashawishi wenzake hawajamwona akihangaika na hesabu usiku wa manane, kichanga kikilia mgongoni.

Kwenye afya ndiko tunakomwangusha zaidi, kwa sababu tunampa elimu nusu. Wengi huambiwa kwamba kunyonyesha kunazuia mimba. Ni kweli, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku, bila kupitisha saa nyingi. Sasa binti anayeshinda shuleni atalitimizaje hilo la mwisho? Siku anayorudi darasani ndiyo siku kinga hiyo inapolegea, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Tena yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza baada ya uzazi, kwa hiyo anayengoja aone damu ndipo ajikinge anaweza kuwa amekwisha kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na pia linasema umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu njia yoyote ya uzazi wa mpango. Bado utamsikia mhudumu akisema, "Wewe bado mdogo." Mdogo huyo keshazaa!

Ushauri nasaha nao, sehemu nyingi, ni kufokewa kwa sauti ya chini. Binti anakalishwa, anaulizwa kwa nini hakuwafikiria wazazi, analia, kikao kinafungwa. Mnasihi anayeijua kazi yake huanza na usingizi: mtoto akilala, na wewe unalala? Asiyepata usingizi hata kichanga kikiwa kimetulia, asiyeona raha ya chochote, anayewaza kujidhuru, huyo huenda ana sonona, ambayo huwapata zaidi mama wenye umri mdogo kuliko waliokomaa. Anahitaji matibabu. Na yupo ambaye mimba yake ilitokana na kubakwa na mtu wa nyumbani kwao. Huyo hatasema neno mbele ya mzazi, wala katika kikao cha kwanza.

Haya yanawezekana. Jamaika ina vituo vilivyoanza mwaka 1978 ambako msichana anaendelea na masomo akiwa mjamzito, anapata ushauri, kisha anarudishwa shule ya kawaida baada ya kujifungua.

Pale ambapo kituo kama hicho hakipo, kazi inamwangukia bibi wa mtoto. Yeye ndiye anayeacha shughuli zake ili binti asome, na mara nyingi bado ana hasira. Shule ikimwita binti kupanga siku ya kurudi, imwite na mama yake, imuulize anaweza kumshika mjukuu siku zipi na siku zipi hawezi, na ratiba ipangwe kwa kufuata jibu lake.