Shakwe hawaulizi chumvi

Ndugu zangu wa Malindi wana mzaha mmoja wasiouchoka: "Wewe umehamia nchi isiyo na bahari, sasa Jumapili unafanya nini?" Nimeolewa huku Kampala, nimezaa huku, nimezoea hata kula samaki asiye na nazi, na jibu langu siku hizi ni kwamba Jumapili naenda pwani. Wanacheka mpaka simu inakatika. Basi leo nawaandikia wanaocheka, maana sisi watu wa pwani tuna kiburi cha ufuo ambacho sijui tumekipata wapi, na kama kuna wa kutuumbua ni ndege.

Nianze na kwetu, nisije nikaambiwa nimesahau nyumbani. Ukivuka daraja la Sabaki kuelekea kaskazini, ukapita Mambrui na Gongoni, unafika Ras Ngomeni, rasi ya mchanga na mikoko inayoingia baharini. Mbele yake majini yamesimama majukwaa ya chuma ya San Marco, ambako Waitaliano walikuwa wakirusha roketi. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Watoto wa Ngomeni wanakua wakiyaona majukwaa yale kila wakiamka, na ukiwauliza ni nini watakwambia "kwa Wazungu".

Ndege wa kwetu wanaishi kwa saa ya maji. Bamvua likija, bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kila kiumbe kinajipanga kwa hilo. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu wanatawanyika kwenye matope kuchokoa minyoo na kaa. Maji yakijaa, wanafukuzwa taratibu hadi kwenye fungu la mchanga, au wanahamia mabwawa ya chumvi ya Gongoni, wanasimama pale kwa mguu mmoja wakisubiri zamu yao. Pale mdomoni mwa Sabaki, mto unapomwaga maji mekundu baharini, buabua na shakwe hukusanyika jioni wakafunika mchanga. Tope lile ambalo wenye hoteli wa Malindi wanalilaani kwa kuwa linachafua rangi ya bahari, ndilo linalowalisha.

Sasa njoo huku.

Kutoka Kampala unashika barabara ya Masaka, unapita Kayabwe penye alama ya ikweta (wapo vijana wanaomwaga maji kwenye karai kuwaonyesha watalii yanavyozunguka, usipoteze muda wako), unafika Masaka, kisha Kyotera, halafu barabara ya vumbi hadi Kasensero, mwalo wa wavuvi kwenye ziwa Victoria. Mwalo huu unajulikana Uganda nzima kwa misiba miwili: mwaka 1982 ndipo Ukimwi ulipotambuliwa mara ya kwanza nchini, na mwaka 1994 mto Kagera ulileta miili ya Wanyarwanda waliouawa kule juu, wavuvi wakaiopoa na kuizika, makaburi yao yapo, yana ukumbusho. Ni haki kuyajua hayo kabla ya kwenda kupiga picha za ndege. Lakini Kasensero ni mahali pa kazi, na watu wake wana mengine ya kukuambia ukiwapa nafasi.

Cha kwanza nilichokiona ni Kagera yenyewe. Inaingia ziwani na maji ya kahawia, sawasawa na Sabaki yetu, na ndege wamejaa mdomoni vilevile. Cha pili ni kwamba maji hayaondoki. Mtu wa pwani akisimama ufuoni anangoja maji yapwe bila hata kujua kwamba anangoja, na pale unangoja hadi usiku. Ziwa halina kujaa na kupwa kwa kuonekana kwa macho. Likipanda, linapanda kwa mvua za misimu na likija linakaa: Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na watu wa mialoni wakahama vibanda vyao kwa miezi. Kwetu maji yakikuingilia, baada ya saa sita yamerudi kwao.

Kwa hiyo ndege wa huku hawana saa ya maji, wana saa ya mvuvi. Mukene, hawa dagaa wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi, na shakwe na yangeyange wanajua boti zinarudi lini kuliko wake za wavuvi.

Musambwa ni visiwa vidogo vya mawe mbele ya ghuba ya Sango. Tulikwenda kwa mtumbwi wa mbao wenye mashine, nahodha akiwa mzee wa makamo anayeongea Kiganda na Kiswahili cha upande wa Bukoba, kwa maana mpaka wa Tanzania uko karibu na samaki hana paspoti. Jaketi la kuokolea nilibeba langu kutoka Kampala. Hapo sina utani: ziwa hili linapiga dhoruba ya ghafla mchana kweupe, na ukiingia botini bila jaketi kwa sababu wenzako hawana, umejitakia.

Kabla hujaviona visiwa unavisikia. Halafu unaona mawe meupe ukadhani ni rangi ya jiwe, kumbe ni kinyesi. Hawa ni shakwe wa kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu, miguu myekundu, jicho jeupe lenye duara jekundu linalomfanya aonekane ana hasira hata akiwa amelala. Musambwa inatajwa kuwa koloni lao kubwa kuliko yote Afrika. Viota viko chini, majani makavu na manyoya yamezungushwa kwenye ufa wa jiwe, na mayai yana madoa kiasi kwamba unatazama sana kabla ya kushusha mguu. Nilisimama mbali na kiota kimoja, mama mwenye nyumba akanyanyuka, akapiga duara moja juu yangu, akashuka moja kwa moja akanigonga utosini kwa miguu. Wa pili akanimalizia kwa kunimwagia begani. Nahodha alicheka hadi akakaa. Na wakati huohuo, hatua chache kutoka pale, mvuvi alikuwa anashona wavu wake na shakwe wamemzunguka bila kumjali hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali. Nikaambiwa zamani mayai yaliokotwa kwa ndoo. Siku hizi wavuvi wenyewe wamekubaliana yasiguswe, na anayegusa anashughulikiwa na wenzake kabla hajafika kwa askari. Chini ya makubaliano hayo kuna jambo la kale zaidi: kisiwa kina wenyewe wasioonekana, na wana masharti. Nyoka wa pale hauawi. Na mwanamke haruhusiwi kulala kisiwani.

Mwanamke halali. Niliposikia nilidhani ananitania, nikamwuliza mara mbili. "Nyabo, jua likiinama tunaondoka," akasema, kwa adabu zote (nyabo ni bibi kwa Kiganda). Nilikereka, na nimekereka hadi leo. Nimetoka Malindi, kwetu kuna mizimu ya kila aina na mapango ya kutambikia, sikatai mila za mtu. Lakini angalia pale Kasensero ni nani anayeanika mukene, anayegeuza, anayefukuza yangeyange, anayefunga magunia na kupanda nayo lori hadi Masaka. Ni wanawake. Ziwa linawala mgongo kama linavyowala wanaume, ila sharti likitungwa wao hawamo kikaoni.

Hata hivyo nitasema lisemwalo na ukweli: shakwe wapo. Tena serikali na karatasi zake peke yake hazielezi kwa nini wapo. Ghuba ya Sango pamoja na Musambwa iliorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2006. Mwaka huohuo iliorodheshwa ghuba ya Lutembe, iliyo kati ya Kampala na Entebbe, ambako buabua wa mabawa meupe hutua kwa mamia ya maelfu wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Karatasi ni ileile. Lakini Lutembe iko karibu na mji na uwanja wa ndege, ardhi yake ina bei, na kando yake yamepanda mashamba ya maua na vifusi vya kujaza kinamasi. Musambwa ni mawe ambayo hakuna anayetaka kuyajengea, na yamekaliwa na watu wanaojua kwamba wakiwafukuza ndege watakuwa wamevunja kitu chao wenyewe.

Hapa ndipo ninapowarudia ndugu zangu wa Malindi. Mnanicheka kwa kukosa bahari, lakini ninyi mnaifikia bahari kwa njia gani siku hizi? Nikija likizo naona kuta. Kichochoro tulichopita tukiwa wadogo kwenda kuokota makome kimefungwa, kuna lango, na langoni kuna askari anayemwuliza mtoto wa mwenyeji anakwenda wapi. Hifadhi zetu za bahari ni za zamani na nzuri. Watamu imekuwepo tangu 1968, na Kisite kule Wasini buabua bado wanataga. Sizibezi. Ila hifadhi ni mahali pa kulipia kiingilio, na Ngomeni si hifadhi, ni mahali watu wanaishi, na wanaoishi pale hawaulizwi kiwanja cha ufuoni kinapouzwa. Mvuvi wa Ngomeni hana uwezo wa kusema "hapa hapaguswi" na akasikika. Wa Musambwa anao.

Najua jibu mtakalonipa, kwamba Uganda nayo ina yake. Inayo. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia uvuvi ziwani, na mtumbwi mfupi kuliko futi 28 ukakatazwa kuvua. Mvuvi mdogo ameumia, na ukitaja jambo hilo mwaloni watu wanashusha sauti. Maji ya ufuoni yana kichocho, kwa hiyo kuogelea kule tulikolelewa nako sisi, huku nakuona kwenye picha tu. Na upepo wa ziwa hauna chumvi, nywele zinabaki laini, jambo ambalo naona aibu kusema kwamba nalipenda.

Chakula nacho kina kesi yake. Kasensero nilipewa sangara wa kuchemshwa na chumvi na nyanya, pamoja na matoke. Alikuwa mtamu kwa kuwa alikuwa ametoka majini asubuhi ile. Mwenye kibanda nilimweleza habari za samaki wa kupaka, tui zito, ukwaju na pilipili, akasikiliza vizuri kisha akauliza: sasa samaki mwenyewe mnamwonjaje?

Mdogo wangu anataka kuja Disemba na watoto wake wawili wa kiume. Nimemwambia alete nazi na ukwaju, na jaketi za watoto anunue hukohuko Mombasa kabla hajapanda basi. Yeye ni mwanamume, akipenda atalala Musambwa na nyoka wake na kelele za shakwe usiku kucha. Mimi nitabaki Kasensero kwa yule mama mwenye kibanda. Tuna deni la samaki wa kupaka.