Shemeji, Usiniulize Chuma Gani

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwa dada yangu, shughuli ya akika. Vitunguu gunia zima, karoti ndoo mbili, wanawake wameshakaa kwenye mkeka tangu alfajiri. Shemeji akatoka chumbani amebeba kisanduku cha mbao kwa mikono miwili, kama anapeleka mahari. Ndani, juu ya kitambaa cheusi, kisu. Kimeagizwa nje, kimefuliwa kwa mkono, jina lake limechorwa karibu na mpini, bapa lote maua maua kama maji ya bahari yakiguswa na upepo. Laki sita na nusu, bado ushuru.

"Damaski hiyo, shemeji. Tabaka mia mbili na kitu. Haya wewe unayejifanya fundi, niambie: chuma gani hicho?"

Nikamwambia akate karoti.

Kisu kikaingia sentimita moja hivi, kikagoma. Akaegemeza mkono. Karoti ikalia kwa!, ikapasuka yenyewe kabla makali hayajafika nusu, kipande kikarukia kwenye beseni la mchele uliokwisha kuoshwa. Akajaribu ya pili. Kwa! Dada hakusema kitu. Aliichukua karoti ya tatu, akaikata na kisu chake kile cha mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, vipande vikaanguka kimya kimya, vyembamba kama sarafu.

Naomba nieleweke. Sina kinyongo na hela za shemeji. Kazitafuta mwenyewe, azile atakavyo. Kinachonikera ni lile swali. Huu ni mwaka wa sita nafua visu vya jikoni kila mwisho wa wiki na mhunzi mmoja pale mtaa wa Gerezani, Dar, na kila anayekuja kuagiza anaanza na hilo hilo. Chuma gani? Mna VG-10? Mnatumia D2? Ile ya Kijapani ya bluu mnayo? Miaka sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza: kisu chako kina unene gani juu tu ya makali?

Nilikuwa na venia, kile kifaa cha kupimia unene, kwenye begi (ndiyo, natembea nayo, mke wangu ameshakata tamaa). Kisu cha shemeji: mgongoni milimita 4.8, na pale bapa linapokutana na makali, milimita 1.1. Kisu cha dada: mgongoni 1.5, juu ya makali 0.25. Hesabu ndiyo hiyo. Ningeweza kuishia hapa nikalala.

Lakini siishii, kwa sababu watu wanadhani makali ndiyo yanayokata. Makali yanafungua mlango tu. Ukishaingia ndani ya karoti, kinachofuata ni mwili mzima wa kisu, nao una haja ya kupita. Kitu laini kitakusamehe: nyanya inaminyika, nyama inasogea, karatasi inajikunja pembeni. Karoti haina pa kwenda. Muhogo mbichi hauna pa kwenda. Boga, kiazi kitamu, embe bichi, vyote hivyo vinakibana kisu kutoka pande mbili, na kisu kikiwa kinene hakikati tena, kinapasua. Mababu zetu walikuwa na jina la chuma kinene kinachopasua: kabari. Walikitumia kwenye magogo. Leo tunakichora maua, tunakiweka kwenye kisanduku, tunakipeleka kwenye vitunguu.

Sasa tazama hizo video za wauza visu. Wanakata nini? Nyanya na karatasi. Kila siku nyanya na karatasi! Mwambie akate boga uone kama hataishiwa na chaji.

Nenda gulio lolote la jioni Nairobi ukamwangalie mama mboga akikata sukuma wiki. Majani kayakunja mkononi, hana ubao, kisu kinapita karibu na kidole gumba chake kama kinanong'ona, sukuma inashuka kwenye mfuko wa mteja nyembamba kama nyuzi. Kisu chenyewe ni cha bei ya soda mbili. Bapa lake ni bati tu, chuma laini, kila siku kinanolewa. Kwa vipimo vya shemeji kile ni takataka. Lakini ni chembamba, na yule mama anakata kwa saa tatu bila bega kumuuma. Mpe kile cha laki sita, atakurudishia kwa heshima na kuuliza kama una kingine.

Na hapo kuna jambo ambalo wanaonakili visu vya Ulaya hawalioni. Nusu ya nchi hii tunakatia mkononi. Kitunguu mkononi, nyanya mkononi, bamia mkononi, mchicha mkononi. Kisu cha mpishi wa Kifaransa cha sentimita 24 chenye tumbo la kubembea kimetengenezwa kwa ubao na meza ya kusimamia. Bibi aliyekaa kwenye kigoda na sufuria mapajani anahitaji bapa la sentimita 12, jepesi, lililonyooka, kisigino kisichomchoma. Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja ni: unakatia wapi? Wanashangaa. Wengine wanaona nimeshindwa kujibu habari ya chuma.

Haya, tuzungumze chuma, maana najua mnavyopumua.

Chuma kina maana. Nimekubali, msinipigie kelele. Ila maana yake siyo mnayodhani. Chuma kizuri kilichochomwa vizuri kinakupa ruhusa ya kuwa na kisu chembamba. Basi. Ukichukua chuma laini ukakikondesha mpaka 0.2, makali yatajikunja upande mmoja ukigonga mfupa wa samaki, kama kona ya kurasa za daftari la mtoto wa darasa la pili. Ukichukua kigumu kupita kiasi, kisichovumilia, yatamegeka vijipande. Chuma chenye ugumu wa kutosha na uvumilivu wa kutosha kinasimama hata kikiwa chembamba. Hicho ndicho unacholipia. Sasa mtu analipia ruhusa hiyo laki sita, halafu anaacha kisu na unene wa milimita moja na pointi juu ya makali! Ni sawa na kununua boti ya mbio ukaifunga kwenye mnazi.

Na wembamba unakulipa mara mbili. Watu huniambia, "kikiwa chembamba si kitaisha makali haraka?" Huko Sheffield kuna taasisi inaitwa CATRA, wana mashine inayosugua kisu mbele na nyuma juu ya rundo la kadi zilizotiwa mchanga laini, wanapima kisu kimekata kadi kiasi gani kabla hakijachoka. Chukua chuma kile kile, kinoe kwa pembe ndogo zaidi: kinakata kadi nyingi zaidi. Siyo chache, nyingi. Pembe inaweza kuushinda utofauti wa vyuma viwili ambavyo watu wanagombania mpaka kutukanana. Mimi nanoa nyuzi 12 mpaka 15 kila upande kwa kisu cha mboga, na sijaona mtu akirudi analia. Waliorudi ni wale waliofungulia makopo ya maziwa.

Sisi Gerezani tunafua springi za malori. Springi nyingi za magari ya Kijapani ni chuma kinachoitwa SUP9, ndugu wa damu wa 5160 ya Wamarekani: kaboni kama asilimia 0.6, kromiamu chini kidogo ya asilimia 1. Siyo chuma cha kutangaza. Kinavumilia kupigwa, kinanoleka kwenye jiwe lolote. Kazi yote iko kwenye moto. Mwaka wangu wa kwanza mhunzi alishikilia tuchovye kwenye maji, "babu yangu alichovya maji." Tukachovya. Tukasikia ting!, sauti ndogo kama kijiko kikigonga glasi, na bapa likawa na ufa kutoka makali mpaka mgongoni. Kazi ya siku mbili. Tangu hapo tunachovya kwenye mafuta yaliyochoka ya muuza chipsi wa jirani, na karakana inanukia chipsi mpaka wateja wanaulizia kachumbari. Tunachoma mpaka sumaku ikatae kushika, tunaongeza kidogo, tunachovya, tunapitisha tupa: ikiteleza kama kwenye kioo, imekubali. Halafu oveni, nyuzi 200, saa moja, mara mbili.

Na mtu asiniletee habari za "mafundi wetu hawana utaalamu." Watu wa Kagera walikuwa wanayeyusha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Watafiti Schmidt na Avery walipoyaandika hayo mwaka 1978 wasomi wa Ulaya na Marekani walishangaa. Wahaya, mnaowajua, hawakushangaa hata kidogo.

Kutu je? Hapo springi inaniaibisha, siwezi kudanganya. Ukikata ndimu ukakiacha kisu kwenye sinki usiku mmoja hapa Dar, asubuhi unakuta rangi ya chai. Kitunguu kinaweza kutoka na weusi siku za mwanzo mpaka bapa lipate rangi yake, na utomvu wa ndizi mbichi, tusizungumze. Mtu anayeishi pwani na ana dada wa kazi, watoto watatu na tabia ya kuloweka vyombo, namwambia wazi asichukue changu. Atafute AEB-L, chuma cha Uswidi kilichobuniwa kwa ajili ya wembe, kromiamu asilimia 13, kinashika makali membamba kama kilivyozaliwa kufanya. D2 ilitengenezwa kwa mitambo ya kukatia mabati, sijui nani aliipeleka kwenye mchicha. Maua ya Damaski ni tabaka zenye nikeli na zisizo na nikeli zilizotiwa asidi, yanapendeza, hayakati.

Turudi kwenye kisu cha dada, maana hicho ndicho kilichonifundisha. Alikirithi kwa mama. Mama hakuwahi kukipeleka kwa mnoa visu wa baiskeli. Alikuwa na jiwe pale mlangoni, ukingo wa ngazi ya nyuma, analimwagia maji, anakilaza kisu karibu kabisa na jiwe, anasugua bapa zima, taratibu, huku anaongea na majirani. Tulimcheka. Kumbe bila kujua jina lake alikuwa anakikondesha. Kisu ni kabari, ukinoa makali peke yake kila mwezi unapanda kuelekea sehemu nene, mwaka wa tatu kinakuwa kikali na hakikati. Mama alikuwa anapunguza mwili pamoja na makali. Yule wa baiskeli anabandika ukingo tu kwenye gurudumu kavu, cheche zinaruka, watoto wanashangilia, na ukiona rangi ya bluu imepita kwenye makali ujue ugumu umeshaondoka na moshi. Anafanya alichofundishwa, simlaumu sana. Lakini simpi changu.

Nimekitafuta kisu kama cha mama madukani. Hakipo. Kilikuwa cha dukani cha kawaida, cha kila nyumba. Miaka thelathini ya jiwe la mlangoni ndiyo iliyokitengeneza.

Shughuli ilipoisha nilimwomba shemeji aniachie kisu chake. Alisita, dada akamtazama, akaniachia. Nimekaa nacho Gerezani saa nne, msasa na ndoo ya maji, kila baada ya misuguo miwili nakichovya na kukishika kwa kidole kuhakikisha hakipati moto. Mgongo nimeacha kama ulivyo kwa sababu ya jina lake. Kutoka katikati kwenda chini nimekimenya mpaka 0.3. Maua yote yameondoka, bapa limebaki jeupe kama kijiko.

Jana nimekirudisha. Shemeji akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, uso umemshuka.

"Maua yako wapi?"

"Yapo ndani, ni suala la asidi kidogo, yanarudi."

Dada alikuwa ameshamnyang'anya. Alikuwa jikoni, na hatukusikia kwa! yoyote.