Mujibu na kujitolea JKT: nani anabebeshwa zaidi?

Stendi ya Mafinga hupokea makuruta wa aina mbili wanaokwenda kambi ya 841 KJ ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wapo wa mujibu wa sheria, wahitimu wa kidato cha sita walioitwa kwa majina, na wapo wa kujitolea, walioomba wenyewe kupitia wilaya zao. Tumezoea kumwonea huruma yule wa kwanza kwa sababu kalazimishwa. Mimi naona huruma hiyo imekosea mlango.

Ulazima una historia yake. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963 kwa vijana wa hiari, na mwaka 1966 sheria ikawabana wasomi. Oktoba 22 mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana, na moja ya yaliyowaudhi ni kukatwa asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mishahara ya vigogo, akianza na wake kwa asilimia 20. Hoja yake mpaka leo ni ngumu kuipangua: aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima ana deni kwa mkulima. Kuna na faida ambayo hiari haiwezi kuileta. Mtoto wa waziri hatajaza fomu ya kujitolea hata siku moja. Akiitwa kwa mujibu, atapiga kwata kombania moja na mtoto wa mama ntilie wa Mwanjelwa, Mbeya.

Ila mujibu wa sasa si ule. Ulisitishwa mwaka 1994 kwa ukata, ukarudi 2013, na unamgusa aliyefika kidato cha sita tu. Kijana wa Mufindi aliyeishia kidato cha nne na sasa anapakia magogo Sao Hill hauna habari naye. Hapo nawaelewa wanaouliza huu ni wajibu wa taifa au ni wa darasa. Katiba yenyewe, ibara ya 25, imeshasema utumishi huu wa lazima uliowekwa na sheria hauhesabiwi kuwa kazi ya shuruti, kwa hiyo mahakamani hoja ya shuruti haiendi mbali. Lakini Eritrea nako ni sheria: miezi 18 kwenye karatasi, na tangu vita vya mpakani na Ethiopia vya mwaka 1998 wengi wamezeekea humo. Kwetu wa mujibu anakaa miezi michache, anarudi nyumbani kusubiri chuo.

Wa kujitolea anakaa miaka miwili. Matangazo humwambia wazi kwamba JKT haitoi ajira, na hapo serikali inajiona imemaliza. Haijamaliza. Kijana huyohuyo anajua kwamba jeshi, likitangaza nafasi, kwa kawaida linataka aliyepitia JKT. Sasa mtoto wa Rungwe asiye na shamba wala mtaji, mlango wa ajira anaouona ukiwa mmoja, hiari yake iko wapi? Aprili 2021 Jenerali Venance Mabeyo, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, alitangaza kufukuzwa kwa vijana 854 wa kujitolea waliogoma wakidai kuandikishwa jeshini, baada ya kushiriki kazi za ujenzi wa serikali. Mgomo jeshini haukubaliki, hilo silitetei. Ila aliyelazimishwa huwa hagomi kwa sababu ya ajira. Hakuahidiwa kitu, na hakuweka matumaini yake yote pale.

Atakayesema hiari ni bora kwa sababu mtu anaweza kuacha, ana hoja kwa kijana mwenye pa kurudi.

Ningekuwa na sauti, ningeubakiza mujibu na kuupanua hadi kwa wa kidato cha nne, hata kama ni kwa zamu. Wa kujitolea ningempa haki iliyoandikwa: cheti cha ufundi kinachotambulika na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa kila anayemaliza miaka miwili. Watasema fedha hazipo, na kweli fedha ndizo zilizosimamisha mujibu mwaka 1994. Lakini gharama nyingine zinalipwa tayari na wazazi. Wa mujibu hutakiwa kuripoti na bukta ya bluu iliyokoza, raba, trakisuti, shuka, nguo za baridi akipangiwa huku kwetu, na nauli yake mfukoni. Mwalimu wa Iringa mjini anavimudu vyote kwa mshahara wa mwezi mmoja. Mkulima wa Makete anauza viazi kabla ya bei kupanda.