Mgeni wa Kusini naye apewe jembe

Baridi ikianza kuuma huku Berlin, wenzangu kazini huja kuniuliza habari za kwetu. Mmoja anataka Zanzibar, mwingine Serengeti. Siku hizi wapo pia wanaosema wazi kwamba wanyama wameshawaona na fukwe wamezichoka, sasa wanataka kuona watu wanaishije. Waende wapi?

Mimi ni mtoto wa Lindi, nimekulia Rahaleo na kusoma Mtwara, kwa hiyo nawaambia waende Kusini mwa Tanzania. Nasema hivyo kwa moyo wote. Lakini najua jibu hilo peke yake halitoshi, kwa sababu mtu anaweza kufika Lindi, akalala hotelini, akala samaki akitazama bahari, akapelekwa Kilwa na kurudishwa, asijue sisi ni watu gani.

Chukueni Kilwa Kisiwani. Siku hizi meli za watalii hutia nanga pale. Wageni wanashuka, wanaoneshwa Msikiti Mkuu na jumba la kale la Husuni Kubwa, wanasimuliwa kuwa msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1331 na kuwa UNESCO waliuingiza mji ule kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, kisha wanarudi melini. Najivunia magofu yale, na ningependa kila mtoto wa Lindi ayaone. Ila kisiwa kile kina watu mpaka leo. Kuna kina mama wanaoteka maji, kuna wavuvi wanaoshona nyavu, kuna watoto wanaotoka madrasa. Mgeni anawapita njiani baina ya gofu moja na jingine, na hakuna aliyepanga wakutane.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia kauli hiyo kumsuta mgeni mvivu, kumwambia kistaarabu kwamba sasa inatosha. Mimi naisikia kwa namna nyingine. Anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni, amekuwa mtu wa nyumba ile. Anajua jua la saa nne linavyochoma mgongoni, anajua nani mchapakazi na nani msimulizi, na jioni akila, anakula na wenzake. Hilo ndilo wanalolitafuta hawa wanaouliza maisha ya kawaida, na hakuna anayewauzia, kwa sababu biashara yote ya utalii imejengwa juu ya zile siku mbili za mwanzo.

Nayajua haya kwa sababu Wajerumani nami niliwajua kwa jembe. Huku maisha yapo nyuma ya mlango. Unaweza kukaa ghorofa moja na mtu, mkasalimiana kwenye ngazi kila asubuhi, usijue jina la mkewe. Kumtembelea mtu ni kwa miadi. Aliyenifungulia mlango ni bibi mmoja, jirani yangu, ambaye ana kibustani cha kukodi. Wenyewe huviita Kleingarten, na Berlin peke yake ina vipande vyake kama 70,000. Sheria yao imeweka ukomo wa meta za mraba 400 kwa kila kipande, na angalau theluthi moja ya eneo lazima ilimwe mboga na matunda. Kibanda cha ndani hakitakiwi kuzidi meta za mraba 24, na si cha kuishi. Bibi yule aliposikia natoka nchi ya wakulima, hakuniuliza mara mbili, alinipa glavu na kunionesha magugu yalipo.

Tangu hapo nikaanza kuwaelewa. Nilijua kwa nini hawapigi nyundo saa za mapumziko ya mchana, na kwa nini wanagombana kwa wiki nzima juu ya urefu wa ua. Nilijua kwamba watu ninaowaona wakavu kwenye treni wanaweza kukaa jioni nzima wakibadilishana mbegu za nyanya. Chai yake aliniachia nichemshe mwenyewe, na vyombo niliosha, kama mtu wa nyumbani.

Ndugu yangu ukija huku kusoma au kutembea, fanya hivyo. Majira ya joto njia za bustani hizo mara nyingi huwa wazi mchana, pita polepole, salimia. Jumanne au Ijumaa nenda soko la Maybachufer linalojaa wachuuzi wa Kituruki, na ukae mpaka jioni wanapoanza kushusha bei na kuita kwa sauti kama wapo Kariakoo. Jumapili nenda Tempelhofer Feld. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa mwaka 2008, na sasa watu wanapanda baiskeli na kurusha vishada pale zilipokuwa zikiruka ndege. Chakula nunua Jumamosi, maana Jumapili maduka karibu yote yamefungwa kisheria, na mgeni asiyejua hulala njaa. Chupa tupu usizitupe. Ya plastiki au kopo unarudishiwa senti 25, ya bia senti 8. Wengi huziacha pembeni ya pipa ili wanaoziokota wasiingize mikono kwenye taka, na wengine kati ya wanaookota ni wazee waliofanya kazi maisha yao yote. Mtalii asiyeliona hilo Berlin hajaiona Berlin.

Na nyumbani? Nyumbani mambo ni kinyume kabisa. Maisha yapo nje. Yapo barazani, chini ya mwembe, kwenye jiko la mafiga uani. Hakuna miadi. Lakini mgeni akifika tunamwekea kiti peke yake, tunatuma mtoto akanunue soda, tunakimbiza kuku. Akijaribu kushika beseni tunamnyang'anya. Tunamtukuza mpaka tunamfungia nje, na yeye anarudi kwao akisema watu wa Lindi ni wakarimu mno, basi. Nampenda kila shangazi anayefanya hivyo, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Ila heshima ile inamweka mgeni mbali kuliko ukuta wa ghorofa la Berlin.

Kazi za kumpa zipo tele. Aje msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi. Aamke na watu alfajiri kwenda kuokota chini ya mikorosho, atenganishe korosho na bibo, yaani tunda lake, aonje bibo bichi na ajifunze mapema kwamba maji yake yakidondokea shati jeupe hayatoki tena. Azianike juani, azichague, afuate magunia mpaka ghala la chama cha msingi cha ushirika. Hapo ndipo atasikia mazungumzo ya kweli ya mikoa hii: stakabadhi ghalani, mnada, bei ya wiki hii, makato, malipo yaliyochelewa, nani ada ya mtoto itamshinda. Mtwara na Lindi huwezi kuielewa bila kusikiliza wakulima wakingoja bei. Watu wetu wamepanga ndoa, nyumba na masomo juu ya bei hiyo kwa miaka, na mwaka 2018, wanunuzi walipogoma kupandisha bei, serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Waulizeni wakulima waliouona msimu ule, kila mmoja ana lake la kusimulia.

Halafu akae na kina mama wanaobangua. Korosho zinachomwa juu ya bati, moshi mweusi unapanda, moto unadaka mafuta ya maganda, na ukigusa ganda kwa vidole vitupu ngozi inababuka. Ndiyo maana wanajipaka majivu. Apakwe majivu naye, apewe kigongo, avunje korosho nzima nzima bila kuzikata. Akishindwa, watacheka, na kuanzia hapo wataongea naye. Anayenunua pakiti ya korosho uwanja wa ndege wa Frankfurt baada ya siku kama hiyo ataitazama bei yake kwa macho mengine.

Kiangazi kuna ming'oko, mizizi ya porini. Kina mama huingia porini kuichimba, na mtu asiyezoea hawezi kuujua mti wake kwenye vichaka vile. Inachemshwa, inamenywa, inaliwa na chumvi na pilipili. Sijaiona kwenye orodha ya chakula ya hoteli yoyote, na kwangu hakuna kitu kinachoitwa Kusini kuliko hicho. Kwenye pwani, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakitoka, wanawake hutembea mwambani kuchokoa pweza. Mgeni aulize bamvua ni lini, apange safari yake kwa mwezi wa angani badala ya kalenda ya hoteli. Avuke kwenda Kitunda na wanafunzi na magunia ya mkaa, au Msangamkuu kama yuko Mtwara, akiwa na nauli yake mkononi kama abiria wengine. Jioni akae kwenye mbuzi akune nazi. Si rahisi, na tui la kwanza atakalochuja litakuwa jepesi, lakini mchuzi ule ataula kwa haki.

Nina la kusema kuhusu Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi kilichotoa mifupa ya dinosaria. Katika makumbusho ya viumbe hapa Berlin amesimama, mfupa juu ya mfupa, dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, aliyefukuliwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Watoto wa shule huingia wakapiga kelele za furaha. Mifupa ile ilibebwa kwa miguu, vichwani na mabegani mwa watu wetu, kutoka kilimani mpaka bandari ya Lindi, na msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Kila ninapomtaja kwa Wajerumani wanashangaa, hawajamsikia. Anayetaka kwenda kwetu kwa ajili ya mijusi ile mikubwa namwambia asiende kupiga picha shimo. Akakae na watu wa vijiji vile, apande nao muhogo, awaulize babu zao walisimulia nini.

Lakini jembe ninalolisema lina mipaka yake. Simaanishi wageni waje kuchukua kazi. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea, na vijana wa Ulaya wanaokuja kupaka rangi madarasa huku mafundi wetu wamekaa vijiweni wanatuharibia. Kushika mwiko siku moja chini ya mkono wa mwenye nyumba ni jambo jingine. Anayelala mtaani apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa, ajulikane.

Unyago na jando visiuzwe. Nimeshaulizwa na mtu aliyekuwa tayari kulipa fedha nyingi aingizwe, nikamkatalia, na nawaomba mkatae. Ngoma za nje, sindimba barabarani, mapiko ya vinyago yakitoka, akaribie, acheze. Vya ndani ni vya ndani. Msibani, kama yupo mtaani na jirani amefiwa, aende, akae kwenye jamvi, atoe rambirambi, simu iwe mfukoni. Ijumaa mchana ajue mji unanyamaza. Na picha ya mtoto wa mtu haipigwi bila mzazi kuridhia. Hapa Berlin mtu akipiga picha watoto wa shule wasio wake ataulizwa mara moja, kwa nini Mikindani iwe ruhusa?

Na fedha. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mgeni analipa kampuni ya mjini, kampuni inalipa gari, gari linalipa mafuta, na mama aliyewakaribisha uani kwake anaachiwa pipi za watoto. Siku ya mtu ina bei, na jiko lake lina bei. Ipangwe mbele, isemwe wazi kwa shilingi, apewe mwenyewe mkononi. Halmashauri zetu zinazotafuta mapato ya utalii zingeanza hapo. Waandikeni kina mama wanaobangua, wachokoa pweza, manahodha wa Kitunda, wanaotaka kupokea mgeni mmojammoja, wakubaliane wenyewe bei na masharti, majina yao yabandikwe stendi na hotelini. Haihitaji jengo wala mfadhili.

Yule bibi wa bustani anakuja Lindi msimu huu wa korosho, atafikia kwa shangazi yangu. Shangazi amepiga simu anauliza amchinjie kuku wangapi, na kama ugali wa muhogo ataweza. Nimemwambia, shangazi, pika unavyopika siku zote, na asubuhi ukienda shambani mwamshe.